Deni la Mdundo

Leo ni Jumapili. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, umeme ulikatika kabla hatujamaliza mabishano yetu, na sasa ninaandika kwa mwanga wa mshumaa huku sauti za wenzangu zikiwa bado masikioni mwangu. Sisi wanne hukutana kila Jumapili baada ya ibada katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu mmoja hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ambaye tunamwita Yaya kwa sababu ametuzidi umri na kwa sababu ndiye aliyetufundisha kuusikiliza muziki huu wa hadikoo, yaani roki ya panki yenye kasi na kelele. Kila mmoja huleta alichopata katika juma, tunakisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuzungumza, kisha tunajadiliana. Hiyo ndiyo sheria ya Yaya, na kwa kawaida tunaiheshimu.

Leo mpiga ngoma wetu alileta nyimbo za Disclose, bendi ya hadikoo kutoka mji wa Kochi nchini Japani. Wimbo wa tatu ulikuwa haujaisha pale mdogo wetu, ambaye hupiga besi, alipoivunja sheria.

“Yaya, unisamehe, lakini hawa ni wezi. Hii ni Discharge tupu. Mdundo ni wa Discharge, namna ya kupaza sauti ni ya Discharge, hata jina wamelikata kutoka kwao.”

Yaya alizima muziki, akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza: “Mdogo wangu, mtu akiandika jina la mwenye mali juu ya mlango wake mwenyewe, kila apitaye alisome, huyo utamwita mwizi?”

Kuanzia hapo tulibishana kwa muda wa saa tatu, na sikumbuki Jumapili nyingine ambayo tulisema mambo mazito kiasi hicho.

Inafaa nieleze kwanza deni lenyewe. Discharge ni bendi iliyoanzishwa mwaka 1977 huko Stoke-on-Trent, mji wa Uingereza unaojulikana kwa viwanda vya vyombo vya udongo. Mwanzoni walipiga panki ya kawaida ya wakati wao, ile iliyokuwa ikifuata nyayo za bendi ya Sex Pistols. Kisha, karibu na mwaka 1980, mpiga ngoma wao Tezz Roberts aliweka mdundo ambao mpaka leo dunia nzima huuita mdundo wa D, kwa herufi ya kwanza ya jina la bendi. Ukitaka kuujua, piga goti lako kwa mkono mmoja na meza kwa mkono mwingine, kwa haraka, ukisema du-ta, dudu-ta, du-ta, dudu-ta, na usipumzike. Mdundo huo unakimbia kama mtu anayekwaa jiwe kila hatua ya pili bila kuanguka. Mwaka 1982 walitoa albamu yao Hear Nothing See Nothing Say Nothing, yenye nyimbo fupi kuhusu vita na mabomu ya nyuklia, na baada yake zikazuka bendi nyingi, huko Uswidi na Japani hasa, ambazo ziliuchukua mdundo huo na mara nyingi hata silabi ya kwanza ya jina. Disfear ni mojawapo. Disclose ni nyingine.

Basi mdogo wetu hakukosea alipotaja ukweli wa mambo. Nilichokipinga ni neno lake. Kuiba ni kuchukua na kuficha, na Disclose hawakuficha chochote. Walilitangaza deni lao kwenye jina, kwenye michoro ya majalada na katika kila pigo la ngoma. Lakini mdogo wetu alinijibu jibu ambalo lilinifunga mdomo kwa muda. Alisema kwamba kukiri deni hakumfanyi mtu kuwa mtunzi, na kwamba angeweza kuwaheshimu kama wafuasi lakini si kama bendi. Ninaliandika hapa kwa sababu ni hoja nzuri kuliko nyingi nilizozisikia kwa watu wakubwa.

Tuliusikiliza upya wimbo ule ule, safari hii karibu kabisa na kipaza sauti. Mvua ilikuwa imeshika kasi juu ya mabati. Nilijaribu kulifuata gitaa peke yake na nikashindwa, kwa sababu limekwaruzwa kiasi kwamba huwezi kusikia mahali noti moja inapoachia nyingine; ni kama bati linaloburutwa juu ya changarawe. Kuna dakika ambayo sikuweza kusema gitaa linaishia wapi na mvua inaanzia wapi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gitaa la Discharge halisikiki hivyo. La Discharge ni zito, lakini lina kingo, unaweza kulishika. Hawa wa Kochi walilichukua jambo moja la waliowapenda na kulisukuma mpaka likapasuka. Nilimwambia mdogo wetu: aliyetaka kunakili tu angekomea pale alipokomea mwalimu wake. Hakukubali, lakini aliomba wimbo urudiwe mara ya tatu.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Mwaka jana nilitunga wimbo ambao niliupenda kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Tuliupiga kwenye sherehe ndogo, na baada ya hapo kijana mmoja alinifuata, kwa adabu kabisa, akaniambia kwamba kipande cha katikati amekwisha kukisikia kwa bendi ya Cro-Mags wa New York, katika albamu yao ya mwaka 1986. Nilirudi nyumbani, nikaitafuta albamu hiyo kwenye simu yangu, nikasikiliza. Noti nne zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule. Sikuwa nimeiba kwa kujua. Sikio lilihifadhi kitu na mkono ukakitoa bila kumuuliza mwenyewe. Lakini aibu haikunielewa hivyo. Niliuchana ule ukurasa wa daftari vipande viwili, na kwa miezi kadhaa kila nilipopata kipande kizuri kwenye gitaa nilihisi kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye kipande hicho ni mali yake.

Juu ya hayo kuna lawama nyingine ambayo sisi wapenzi wa muziki huu hapa Lubumbashi tunaijua vizuri. Baba yangu mdogo kila anapotukuta huniambia mwacha mila ni mtumwa, yaani tunapiga kelele za wazungu. Sijawahi kumjibu kwa ukali, kwa sababu ni mkubwa wangu na kwa sababu anaposema hivyo ana huzuni ya kweli. Lakini jibu lipo, nalo ni bendi ya Bad Brains. Vijana wanne weusi wa Washington walianza katika miaka ya 1970 wakipiga jazi yenye umeme, wakijiita Mind Power. Kisha wakasikia panki, wakachukua jina jipya kutoka katika wimbo wa bendi ya Ramones, wakaanza kupiga kwa kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameizoea, na katikati ya kasi hiyo wakaweka rege. Ian MacKaye, mwimbaji wa bendi ya Minor Threat, na kizazi chake chote cha Washington walijifunza kwa kuwatazama. Kwa hiyo anayesema hadikoo ni ya wazungu peke yao anawanyang'anya watu weusi kitu ambacho walishiriki kukijenga. Na hebu tazama ndani ya bendi hiyo hiyo moja: jazi, panki, Ramones, Bob Marley. Ukiondoa kila walichopokea hutabaki na bendi, lakini ukisikiliza sekunde kumi tu huwezi kuwadhania kuwa ni watu wengine.

Umeme ulikatika tukiwa hapo. Yaya alisimama gizani, akachukua gitaa lake kavu lenye nyuzi tano, maana wa sita ulikatika zamani, na bila kusema neno akaanza kupiga Masanga, wimbo wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa huku kwetu Katanga. Nilikaa karibu naye, simu yangu ikimulika mkono wake wa kulia. Vilifanya kazi vidole viwili tu: gumba likitembea juu ya nyuzi nene kama mtu anayekwenda zake sokoni bila haraka, na cha shahada kikichokoa nyuzi nyembamba juu yake, kikitangulia, kikichelewa, kikirudi. Pale ambapo uzi wa sita ulihitajika, gumba liliruka na kugonga ubao wa gitaa. Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na baadaye alipofika Nairobi wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwake. Gitaa halikuzaliwa Katanga. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu yeyote hapa akisema kwamba Mwenda aliiga.

“Kwa sababu alibadilisha,” mdogo wetu alisema gizani. “Ndiyo hoja yangu tangu mchana.”

Mpiga ngoma akamtajia bendi ya WITCH, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, katika miji ya shaba ya Zambia, ambao katika miaka ya 1970 walipiga roki nzito wakiwa na mwimbaji anayeitwa Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, limetiwa irabu ili liweze kukaa kinywani mwetu. Mimi naona katika jina hilo moja pana mjadala wetu wote: deni limesemwa waziwazi, na katika kulisema tu tayari limeshabadilika.

Hata hivyo nisijifanye mkarimu kuliko nilivyo. Zipo bendi nyingi za mdundo wa D ambazo nikizisikiliza sipati sababu ya kuwapo kwazo, na siwezi kuzitetea. Sidhani tofauti iko katika akili ya mtunzi kukaa chini na kuamua kuwa wa pekee; wanaoamua hivyo mara nyingi huchosha. Ninavyoona, mabadiliko yenye uzito hutokea pale ambapo mtu anataka kwa moyo wote kufanya kama mwalimu wake na kitu fulani kinamzuia. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwanda cha chuma Birmingham wakati mashine ilipomkata ncha za vidole viwili. Alitaka kupiga kama watu wote. Akajitengenezea ncha za plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikashuka, ikawa nzito. Mimi ni mtoto wa mji huu wa mtambo na bomba lake refu la moshi, baba yangu alirudi nyumbani miaka mingi akinuka moto wa shaba, na siwezi kuisikia sauti ile ya nyuzi zilizolegezwa bila kumkumbuka. Kisha Black Flag wa California, waliokuwa miongoni mwa bendi za kasi sana, mwaka 1984 waliujaza upande wa pili wa albamu yao My War kwa nyimbo za polepole zenye uzito wa Black Sabbath. Mashabiki wao wengi walikasirika. Walitaka bendi yao iendelee kujiiga yenyewe, na hilo hakuna aliyeliita wizi.

Hoja hii ya mwisho ilimfanya mdogo wetu anyamaze kwa muda mrefu, kisha akasema jambo dogo ambalo sikulitegemea. Alisema kwamba anachoogopa si Disclose. Anaogopa kwamba sisi wanne tutapiga miaka ishirini na hakuna atakayeweza kututofautisha na kaseti. Nilimwelewa kabisa. Ni hofu yangu pia, na ndiyo iliyouchana ule ukurasa wa daftari langu.

Tulipoagana mvua ilikuwa imepungua. Nimefika nyumbani, nimekula bukari na sombe iliyopoa, nimevitafuta vile vipande viwili ndani ya daftari na kuviunganisha kwa gundi. Juu ya ukurasa nimeandika, kwa wino: kipande cha katikati kimetoka kwa Cro-Mags. Nitalisema hilo kila tutakapoupiga wimbo huo, kabla ya noti ya kwanza.

Mpiga ngoma amekwisha kuniandikia ujumbe kwamba yuko tayari kwa Jumapili ijayo, ila ameniomba kipande hicho tukipige kwa nusu ya mwendo. Kanyagio la ngoma yake ya mguu limefungwa kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, linachelewa kurudi juu, na kasi ya New York haliiwezi. Nimelijaribu jambo hilo sasa hivi kwenye gitaa, taratibu, mshumaa ukiwa umebaki kama urefu wa kidole. Noti ni nne zile zile. Kati ya ya tatu na ya nne pamefunguka nafasi ambayo haikuwapo, na gumba langu, bila kuambiwa, limeingia hapo na kugonga ubao.