Kunde za marehemu mama

Nilizikuta kwenye kopo la maziwa ya unga, miaka 4 baada ya mama kututoka: kunde zake nyekundu, zenye majani laini, ambazo sijaziona tena sokoni hapa Morogoro. Kopo lilikaa karibu na jiko, kwenye joto na mvuke, na hapo mbegu huchakaa upesi. Sikuthubutu kuzipeleka shambani moja kwa moja. Nilihesabu 20, nikazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, nikakinyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya sita zilikuwa zimechipua 7. Ni kama moja katika kila tatu, basi nikapanda zilizobaki tatu tatu kila shimo. Mbegu zake za vitunguu hazikuota hata moja. Kitunguu hakivumilii miaka. Jana nimechuma majani ya kwanza ya kunde.