Jenerali Grant na Watu Aliowaamini

Kila ninapomfikiria Ulysses S. Grant, picha inayonijia kwanza ni ya mtu anayeuza kuni katika mitaa ya St. Louis, akiwa bado amevaa koti lake kuukuu la kijeshi. Alikuwa amejiuzulu jeshini mwaka 1854 akiwa kapteni, kilimo kikamshinda, na Krismasi ya mwaka 1857 ilipokaribia akaweka saa yake rehani kwa dola 22. Mwaka 1860 aliishia katika duka la bidhaa za ngozi la baba yake huko Galena, Illinois. Miaka 9 baadaye aliapishwa kuwa rais wa Marekani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini, ndivyo vilivyomtoa dukani. Mengi yameandikwa kuhusu ung'ang'anizi wake, hasa katika kuuzingira mji wa Vicksburg uliosalimu amri tarehe 4 Julai 1863, lakini mimi huvutiwa zaidi na namna alivyowaamini watu. Mwaka 1864, alipokabidhiwa majeshi yote ya Kaskazini, alimwandikia jenerali wake Sherman kazi aliyotaka ifanyike, kisha akamwachia njia ya kuifanya. Jambo hilo lilifaa vitani, kwa sababu uwanja wa mapambano humpima mtu mapema, na ofisa asiyefaa hujulikana kabla jua halijazama.

Tarehe 9 Aprili 1865, huko Appomattox, aliingia sebuleni mwa nyumba ya McLean akiwa na buti zenye matope na koti la askari wa kawaida lililoshonewa alama za cheo mabegani, huku Lee, jenerali wa Kusini aliyekuja kusalimu amri, akimsubiri katika sare safi na upanga kiunoni. Masharti aliyoandika yaliwaruhusu maofisa wa Kusini kubaki na silaha zao za kiunoni na farasi wao. Lee alipoeleza kwamba hata askari wake wengi wa farasi na mizinga walimiliki wanyama wao wenyewe, Grant aliahidi kwamba kila anayedai farasi au nyumbu wake ataruhusiwa kuondoka naye akalime. Ahadi hiyo haikuingizwa katika hati, wala Lee hakuhitaji iingizwe.

Akiwa rais, kuanzia 1869 hadi 1877, alifanya mambo ambayo, kwa maoni yangu, hayajapewa uzito unaostahili. Mwaka 1871 alisimamisha haki ya walioshikwa kufikishwa mahakamani katika wilaya 9 za South Carolina na kutuma askari kuwakamata wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, waliokuwa wakiwaua na kuwatisha raia Weusi. Lakini ofisini mwizi anaweza kukaa miaka mingi akitabasamu. Katibu wake Orville Babcock, aliyekuwa naye tangu vitani, alipofikishwa mahakamani mwaka 1876 kwa kuhusika na mtandao wa wakwepaji wa kodi ya wiski, Grant alitoa ushahidi wa kiapo kumtetea, na Babcock akaachiwa. Sioni hila katika kitendo hicho. Naona kamanda asiyekubali kumwacha mtu wake nyuma.

Baada ya urais alimwamini Ferdinand Ward, kijana wa Wall Street, mtaa wa fedha wa New York, akashirikiana naye katika kampuni. Mei 1884 Grant alikopa kwa tajiri William Vanderbilt dola 150,000 ili kuiokoa kampuni yao, akampa Ward, na ndani ya siku chache kampuni ikaanguka na fedha zote zikapotea. Mwaka huohuo saratani ikamshika kooni.

Akiwa hana kitu, aliketi kuandika kumbukumbu zake ili mkewe Julia asibaki maskini, na mwandishi Mark Twain akajitolea kuzichapisha kwa malipo makubwa kuliko mchapishaji aliyetangulia kumwendea. Alimaliza siku chache tu kabla ya kufariki tarehe 23 Julai 1885, huko Mount McGregor. Mwaka uliofuata Julia alipokea hundi ya kwanza, ya dola 200,000. Safari hii Grant alikuwa amemwamini mtu aliyelipa.