Makabati saba, moja baada ya jingine: nilivyobadilisha jikoni kwa Mama

Jikoni kwa Mama, Migosi, kulikuwa na slabu ya zege iliyokaa juu ya viguzo vya matofali, na chini yake pazia. Aliyekulia Kisumu miaka ya themanini anaijua vizuri: pazia la maua limevutwa kwa waya, nyuma yake sufuria zimepandana, debe la unga, jerikeni ya mafuta taa, na mende walioizoea nyumba kuliko sisi. Sinki nayo ilikuwa ya zege, imepigwa niru, mfereji ni mmoja. Baba alijenga hivyo mwaka 1986, na mpaka anafariki hakuna aliyethubutu kugusa kitu.

Mwaka 2019 nilimwita fundi akapima kwa futi, akaniandikia shilingi 260,000 kwa makabati ya mbao, bila jiwe la juu. Ulikuwa wakati ule serikali imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, tangu Februari 2018, na kila fundi uliyemuuliza bei alianza kwanza na hadithi ya mbao kuadimika. Nilikunja ile karatasi nikaitia ndani ya Biblia, ikakaa humo miaka mitano.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu anayekaa Mamboleo. Nilienda kwake kumpa pole ya msiba, nikajikuta nimesimama jikoni nafungua na kufunga droo zake kama mtoto. Akaniambia hakuna kabati moja refu pale. Ni masanduku, kila moja linajitegemea, yamepangwa kando kwa kando na kufungwa skrubu. Unanunua mawili leo, mengine ukipata. Ukihama unayafungua unaenda nayo. Moja likiharibika unatoa hilo hilo. Mimi sina siku moja ya kushika 200,000 mkononi, ila nina zamu ya chama, kile cha kuchangiana pesa, na nina likizo tatu kwa mwaka. Nikaona hii ni kazi ya watu kama mimi.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoshusha bei zaidi. Maduka makubwa ya bodi, zile za chembe za mbao zilizogandamizwa, hayauzi bodi tu. Unapeleka orodha ya vipande unavyotaka, wanakukatia kwa mashine na kukubandikia ukanda wa plastiki kwenye kingo. Wewe unarudi nyumbani na vipande vilivyonyooka kuliko msumeno wowote wa mkono, fundi wako kazi yake ni kuunganisha tu. Bodi moja ina futi nane kwa nne, yaani mita 2.44 kwa 1.22, unene milimita 18. Ukipanga vipande vizuri kwenye karatasi kabla ya kwenda, hutupi kitu.

Ila orodha hiyo ina mtego. Kabati la upana wa sentimita 60 halina ubao wa chini wa sentimita 60. Una mbao mbili za ubavuni, kila moja milimita 18, kwa hiyo ubao wa chini ni sentimita 56.4. Nilikaa meza ya sebuleni usiku mbili na penseli na kifutio, Mama akidhani nasahihisha mitihani.

Kwa nini 60? Kwa sababu majiko na mashine za Ulaya hutengenezwa kwa upana huo, basi masanduku nayo yakafuata, na bawaba, na reli za droo, na kila kitu. Ukikubali vipimo vyao, vifaa unavipata kila duka. Ukikataa, unalipia ukaidi wako. Mimi nilikubali karibu vyote, na kimoja nilichopaswa kukataa nitakisema hapo chini.

Nilianza likizo ya Aprili 2024. Mungu anisamehe, mafuriko ya mwaka ule yalinipa nafasi: shule ziliahirishwa zikafunguliwa Mei 13, nami nikapata wiki mbili ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Jikoni kwetu ni chumba chembamba, kuta mbili zinatazamana, mlango upande mmoja na dirisha upande wa pili. Niliamua kuvunja slabu ya ukuta mmoja kwanza, ule wa sinki, na kuacha slabu ya pili ili Mama apate pa kukatia mboga. Kupika alihamia veranda na jiko la makaa. Alilalamika siku ya kwanza. Ya tatu akawa ameweka kiti huko na majirani wakaanza kuja.

Fundi nilimtoa Kibuye. Kijana mpole, yeye na nyundo na tindo waliiangusha ile slabu kwa siku moja na nusu. Ilikuwa na nondo nene kama ya daraja. "Mwalimu," akaniambia huku akipangusa jasho, "mzee alikuwa anajenga jikoni au alikuwa anajenga benki?"

Sasa kosa langu. Nilipima ukuta mtupu, utepe nimeulaza sakafuni: sentimita 282. Nikapanga masanduku manne, 60, 80 ya sinki, 60, na 80 tena, jumla 280, na sentimita mbili za kupumua. Vipande vikaja, tukaunganisha masanduku matatu, yakakaa sawasawa, pimamaji imetulia katikati. La nne likaingia nusu likagoma. Fundi akashusha timazi kutoka juu, na tukaona wote. Ukuta ulikuwa umejaa tumbo. Chini ni 282, kwenye usawa wa kiuno ni 278. Plasta ya mwaka 1986 ilipigwa kwa mkono na jicho, na jicho la fundi yule lilikuwa limechoka.

Tulibandua plasta, kipande cha urefu wa kabati, mpaka tukagusa tofali. Sanduku likazama humo. Nusu siku imepotea, vumbi mpaka kwenye vyandarua. Anayetaka kufanya hivi nyumba ya zamani, apime ukuta mahali patatu: sakafuni, kiunoni na begani, kisha achukue kipimo kidogo kabisa na atoe tena sentimita mbili. Na asianze kupima kabla ya kuvunja kilichopo, maana nyuma ya slabu hujui kuna nini.

Bodi nilichanganya. Kwa masanduku yote nilichukua chipubodi nyeupe ya kawaida, isipokuwa la sinki, ambalo nilinunua bodi inayovumilia maji, ile yenye rangi ya kijani ndani. Tofauti ya bei iliniuma lakini niliona kwa jirani chipubodi iliyonywa maji: inavimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, na haitarudi. Kwetu Kisumu hewa yenyewe ina unyevu, achilia mbali mfereji unaodondoka. Hata hivyo, hatari kubwa ni tundu la bomba. Fundi akitoboa bodi kupitisha bomba, ule mzingo wa tundu unabaki uchi bila ukanda, na maji huingilia hapo hapo. Nilisimama juu ya kichwa chake mpaka akapaka silikoni kila tundu, ndani na nje. Miguu ya plastiki inayoinuliwa kwa kuzungusha ndiyo nyingine ambayo singeiacha, kwa sababu tunapiga deki kwa maji mengi, na sanduku linalogusa sakafu halimalizi mwaka.

Bawaba nilinunua zile zinazofunga taratibu zenyewe. Zinatobolewa tundu la mviringo la milimita 35 nyuma ya mlango. Ni ghali kidogo kuliko za kawaida, na ndicho kitu cha kwanza wageni wanachokisifu, jambo linaloniudhi ukikumbuka jasho lililomwagika kwenye ule ukuta wenye tumbo.

Ukuta wa kwanza na masanduku yake ulinigharimu 58,400, na graniti ya juu yake 34,000. Nikasimama hapo mpaka zamu yangu ya chama, Agosti.

Agosti tulivunja slabu ya pili, tukaweka masanduku matatu: la droo 60, la jiko la gesi 60, na la 40 la mtungi. Hilo la mtungi halina mgongo, na tulitoboa matundu ubao wa chini na chini ya mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo matundu ya juu hayakusaidii kitu. Mtungi wa kilo 13 uliingia kwa kubanana kidogo.

Mama akarudi jikoni siku ya Jumapili. Nikamwachia heshima ya kupika ugali wa kwanza. Nikasikia mwiko unagonga sufuria, halafu kimya, halafu unagonga tena. Nilipochungulia, alikuwa amesimama juu ya kigoda.

"Mama, vipi?"

"Jiko lenu liko juu. Ugali hausongwi kwa vidole."

Hesabu yake ni rahisi, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Sanduku 72, miguu 15, jiwe 2: tayari karibu 90. Jiko la meza linaongeza 12, sufuria ya familia 15. Mdomo wa sufuria umefika sentimita 116 na Mama hafiki 155 akiwa amevaa viatu. Ugali wa watu sita unataka bega lishuke, uzito wa mwili ukae juu ya mwiko. Vipimo vile vilipangwa kwa mtu anayekoroga supu.

Kwenye ukuta, alama ya slabu ya zamani ilikuwa bado inaonekana chini ya rangi mpya, mstari wa kijivu. Nilipima kutoka sakafuni: 74. Nikamuuliza Mama kwa nini Baba aliweka chini hivyo. "Aliniita nisimame hapo," akasema, "fundi akapima kiwiko changu, akatoa urefu wa jiko na sufuria." Hakuongeza neno, aliendelea kunawa mikono.

Hapa ndipo nilipojua thamani ya masanduku yanayojitegemea. Kama ingekuwa kabati moja refu, ningebomoa au Mama angezeeka juu ya kigoda. Tulifungua skrubu nane, tukatoa sanduku la jiko peke yake, nikarudi nalo dukani likiwa vipande kwenye tuktuk. Wakakata sentimita 12 kutoka mbao za ubavuni, mgongoni na kwenye mlango, wakabandika ukanda upya. Fundi akateremsha miguu mpaka 10. Sasa 60, 10 na 2 ni 72. Ukiweka jiko na sufuria unafika 99, na Mama anasonga ugali akiwa amesimama chini kama binadamu. Gharama yote, pamoja na tuktuk, haikufika 2,000.

Sura yake ni ya kuchekesha kidogo. Meza ya juu inakwenda sawa, inashuka ngazi moja, inapanda tena. Wageni huuliza kama fundi alikosea. Kwa upande huu jiwe nililipata kwa wauza graniti, masalio ya kazi za watu wengine, rangi mbili tofauti, kwa 6,000. Kwa kuwa ngazi ipo tayari, rangi kubadilika hapo inaonekana kama ilikusudiwa.

Juu ya yale saba ya chini, makabati matatu ya ukutani yaliingia Desemba na sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa matofali ya zamani. Drili ikipigwa kwa mtindo wa nyundo, tofali linamomonyoka na plagi ya skrubu inazunguka ndani kama jino bovu. Fundi alizima nyundo akatoboa polepole, akatumia plagi ndefu, na akaning'iniza makabati kwenye reli moja ya chuma iliyoshikwa sehemu sita. Kabla sijaweka sahani nilimwambia ajining'inize. Alikataa, akanining'inizia mfuko wa saruji.

Jumla, pamoja na ufundi, haikufika 180,000, na hiyo ni pamoja na jiwe ambalo mwaka 2019 halikuwa kwenye bei. Na haikutoka mfukoni yote kwa siku moja.

Yapo yanayonikera. Milango myeupe si ya nyumba inayopika samaki. Magamba hukauka juu yake yakang'aa kama sequini, na unayaona wakati mgeni ameshaingia. Ningechagua rangi ya kijivu. Omena nao, dagaa wa ziwa, wamefukuzwa kabatini baada ya wiki moja, maana bodi haipumui kama pazia lilivyopumua, na sukari ilianza kunukia ziwa. Wamerudi kwenye ndoo yenye kifuniko, veranda.

Karibu na mlango, upande wa pili, zimebaki sentimita 43. Sanduku la 40 lingekaa pale vizuri, na bodi ya kulitengeneza ninayo. Mama ameweka kile kigoda, na juu yake lile debe la unga la zamani. Nimemwambia mara mbili. Mara ya pili alinitazama tu.