Mwanga wa Mlangoni

Ninapopiga picha za watu hapa Goma situmii flashi wala taa za studio, kwa kuwa naamini uso huonekana kwa ukweli zaidi unapoangazwa na jua lilelile linalouangazia kila siku. Hata hivyo, jua la hapa lina masharti yake. Mji uko karibu na Ikweta, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na adhuhuri mwanga hushuka karibu wima, ukiyaacha macho katika vivuli vizito chini ya nyusi. Ndiyo maana namwomba mtu aketi hatua moja ndani ya mlango ulio wazi, akielekea nje, ambako mwanga wa anga humfikia kwa upole.

Tena ardhi yetu ni nyeusi. Mawe ya volkano ya Nyiragongo, yakiwemo yale ya mlipuko wa mwaka 2002, hufyonza mwanga badala ya kuurudisha usoni, kwa hiyo natandaza shuka jeupe miguuni, na kidevu hupata uhai.

Kuhusu ngozi nyeusi nina msimamo mkali. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe mbele ya ukuta mweupe, hutia uso giza. Mimi hupima mwanga shavuni, hata ukuta ukipotea wote katika weupe. Wala siing'arishi ngozi ya mtu kwenye kompyuta, hata akiniomba.

Anayependelea jioni namweleza mapema kwamba jua letu huzama upesi, hivyo tukutane saa kumi na moja.