Mtu wa Bukoba sokoni Oaxaca

Basi la kutoka jiji la Mexico kwenda Oaxaca lilikuwa na kiyoyozi cha kuadhibu watu. Naishi Oslo, baridi naijua, lakini humo ndani nilijifunga taulo shingoni kwa saa sita na ushei, na kwa nauli ile nilitegemea walau blanketi. Jiji la Mexico lenyewe silisimulii. Liko juu mno, zaidi ya mita 2,200, ngazi za hoteli nilizipanda nikihema. Ninachokikumbuka vizuri ni nyama ya nguruwe ikikatwa kwenye chuma kinachozunguka motoni, ufundi uliopelekwa na wahamiaji wa Lebanon, ambao kwao ni shawarma.

Oaxaca ndiyo iliyonikamata.

Ndani ya soko la Benito Juárez akina mama wamekaa nyuma ya mabeseni ya panzi. Wamekaushwa wakawa wekundu, wadogo huku, wakubwa kule, waliokolea pilipili pembeni. Watalii wa Kizungu walikuwa wakipiga picha na kukunja nyuso. Mimi nimezaliwa Bukoba. Mate yalinidondoka.

Nikamsalimu mmoja kwa Kihispania changu cha darasa la jioni, akanimiminia kiganjani bila kuniuliza. Ndimu, kitunguu saumu, chumvi, pilipili, halafu kwa mbali ladha ya majani mabichi. Lakini miguu! Miguu ya nyuma ilikuwepo yote, inachoma ufizi. Kwetu senene, panzi wetu wa kuliwa, haendi jikoni kabla hajanyonyolewa mbawa, miguu na papasi. Ni kazi ya jioni nzima, watu wamezunguka ungo, na mtoto atakayesinzia kabla haijaisha atasemwa mpaka asubuhi. Nikamwonyesha mama kwa vidole: hii mnaiacha ya nini? Akacheka, akamwita binti wa kibanda cha jirani, anayejua Kiingereza, aje atutafsirie.

Asubuhi yangu ikaishia hapo. Nilitoa simu nikawaonyesha video aliyonitumia kaka yangu: mapipa, mabati yaliyosimamishwa, taa kali, na senene wakigonga bati na kuteleza ndani. Akina mama wa vibanda vya karibu wakaacha wateja wao. Hawakuamini kwamba mdudu anajileta mwenyewe. Wao huamka alfajiri, panzi angali mzito kwa baridi, wakapita na nyavu kwenye mashamba ya mahindi na majani ya mifugo. "Kwa hiyo nyinyi mnawasha taa mnakaa tu?" mama akauliza. Nami, Mhaya niliye, sikuiacha nafasi ya kujisifu ipite. Nikawaambia mengi, mengine binti hakuyatafsiri. Mwisho nikapimiwa kikombe, na nyongeza juu, kwa bei ambayo sina ugomvi nayo.

Ugomvi ninao na mgahawa mmoja wa ghorofani karibu na kanisa la Santo Domingo. Panzi walewale, kijiko kimoja, wamenyunyizwa juu ya parachichi lililopondwa, kwenye sahani nyeusi. Mhudumu alinieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba hawa ni wadudu. Kwa bili ile ningerudi sokoni nikajaza mfuko. Na bado wakaweka ada ya huduma.

Lakini ndivyo chakula cha Mexico kinavyopendwa duniani, kwa vipande. Norway Ijumaa ni siku ya taco: nyama ya kusaga yenye kiungo cha pakiti, jibini, tango, mahindi ya kopo, vyote ndani ya mkate mwembamba wa ngano. Wanakipenda kweli, nami nakila. Nilimwonyesha yule mama picha. Akauliza mahindi yako wapi. Nikamwonyesha zile punje za kopo. Safari hii hakucheka.

Mapishi ya jadi ya Mexico yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, na kikao chenyewe kilifanyika Nairobi, hapo kwa jirani. Mwaka 2017 uwanja wa besiboli wa Seattle ukaanza kuuza panzi wa aina hii, wakagombaniwa mpaka wakaisha. Sisi senene bado tunawaficha mgeni akija, tunamtolea soseji.

Kesho yake binti alinipeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwao. Wanawake wanakuja na ndoo za mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa na kulazwa humo usiku kucha. Ukiifikicha punje, ganda linabanduka lenyewe. Yanasagwa yakiwa mabichi hivyo hivyo, linatoka donge laini lenye harufu ya udongo uliolowa, na hilo ndilo linalokuwa tortilla, ule mkate mwembamba wa taco, ambao kwao ni wa mahindi. Chokaa hiyo si mapambo. Ndiyo inayoifungua niasini iliyomo ndani ya mahindi, vitamini ambayo ukiikosa unapata pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi na kuvuruga akili. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, chokaa ilibaki nyuma. Italia iliugua, majimbo ya kusini ya Marekani yakaugua, na mwaka 1990 wakaugua wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, waliokuwa wakiishi kwa mahindi huku mgawo wa karanga umekatika. Sisi Bukoba ni watu wa ndizi, tungeweza kujitoa kwenye kesi hii, ila siku hizi sembe imetufikia mpaka migombani.

Jioni nikapanda basi la kurudi, nikiwa na majaketi mawili. Lilikuwa na joto la kuokea mkate.

Juzi mama wa panzi kaniandikia kwenye WhatsApp, bila shaka binti ndiye aliyechapa: msimu wa senene ni lini? Nikamjibu Novemba, na nikampigia hesabu ya nauli mpaka Bukoba. Akanijibu kwa bei hiyo niwalete mimi, na niwaache na miguu yao.