Kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia

Mdogo wangu alipokuwa akijidunga heroini, kwa muda mrefu nilijifariji kwa jambo moja: aliniapia kwamba sindano yake haikuwahi kutumiwa na mtu mwingine. Nilimwamini, na hata leo naamini kwamba alisema kweli. Nisichomuuliza ni kijiko walichoyeyushia unga kilikuwa cha nani, maji ya kuchanganyia yalikuwa katika chombo kimoja au la, na kile kipande cha pamba cha kuchujia kilipita katika mikono mingapi.

Anayejidunga huvuta kwanza damu kidogo ili ahakikishe kwamba amepata mshipa, na baada ya kusukuma dawa, mabaki ya damu hiyo hubaki ndani ya sindano na kwenye shingo ya bomba. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba virusi vya UKIMWI (VVU) vilivyomo humo vinaweza kubaki hai hadi siku 42, kutegemea hali ya joto na kiasi cha damu. Bomba hilo likichovywa katika maji ya wote, au likitumika kupimia na kugawia unga uliokwisha kuyeyushwa, damu ya mmoja inaweza kumfikia mwenzake hata kama kila mtu ana sindano yake. Hatari ya VVU kwa njia hiyo ni ndogo kuliko ya kuchangia sindano yenyewe, lakini ipo, na kwa homa ya ini aina ya C ni kubwa zaidi.

Niliwahi kudhani kwamba wanaochangia ni wazembe. Sidhani hivyo tena, kwa sababu nimemwona mtu mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea: anatapika, anatetemeka, mifupa inamuuma, na kila saa inayopita inamzidishia. Mtu wa namna hiyo akikosa sindano safi, au akiogopa kukamatwa nayo mfukoni, atatumia iliyopo. Mjini Edinburgh, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1980, upatikanaji wa sindano ulibanwa na polisi wakawa wanawanyang'anya watumiaji zile walizokuwa nazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulikuta kwamba takriban nusu ya watumiaji wa heroini waliopimwa katika kituo kimoja cha tiba mjini humo walikuwa na VVU. Miaka karibu 30 baadaye, katika wilaya ya Scott, jimbo la Indiana nchini Marekani, ambako mpango wa kubadilisha sindano haukuruhusiwa kisheria, zaidi ya watu 180 waligunduliwa kuwa na VVU katika muda wa mwaka mmoja hivi, wengi wao wakiwa wamejidunga vidonge vya kutuliza maumivu vilivyosagwa. Ilhali Amsterdam, nchini Uholanzi, ilikwisha kuanza kugawa sindano safi mwaka 1984, na waliodai huduma hiyo walikuwa watumiaji wenyewe, waliohofia homa ya ini aina ya B.

Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, nayo husaidia kwa sababu hunywewa, hivyo humwondolea mtu arosto bila kumrudisha kwenye sindano.

Wanawake hubeba mzigo ambao hautajwi vya kutosha. Mara nyingi mwanamke hudungwa na mwenzi wake, baada ya mwenzi huyo kujidunga kwanza, kwa bomba lile lile, na kisha kondomu haitumiki kwa sababu wanaishi pamoja. Wapo pia wasiojidunga kabisa, wanaovuta au kumeza dawa za kusisimua mwili, ambazo huondoa tahadhari na kurefusha tendo la ngono hadi michubuko itokee. Hao hawana alama mkononi, kwa hiyo hakuna anayewauliza, wakati dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, na zile zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72 baada yake, zingewafaa sana.

Mdogo wangu alipopimwa hakukutwa na VVU. Alikutwa na homa ya ini aina ya C, naye hakuhitaji kuelezwa ilikotoka. Amemaliza vidonge vya wiki 12 na amepona. Rafiki yake waliyetumia kijiko kimoja bado hajapima, na kila Jumamosi mdogo wangu humwendea, wakakaa, akamwomba tena waende pamoja.