Sangara wa kwenye chupa

Leo hapa Mwanza tumefungua chupa za sangara wa zamani waliohifadhiwa kwenye spiriti, tupime zebaki na kuwalinganisha na wa leo.

Cha kwanza ni lebo. Ya penseli bado inasomeka. Ya kalamu ya wino imefutika, na samaki asiye na tarehe wala mahali alipovuliwa hana kazi hapa, hata awe mzima vipi.

Halafu urefu. Sangara mkubwa hubeba zebaki zaidi, maana amekula samaki wenzake kwa miaka. Wa sentimita 40 wa zamani mlinganishe na wa sentimita 40 wa leo. Ukichanganya saizi utawalaumu bure wachimba dhahabu, ambao hutumia zebaki.

Mnofu kata mgongoni, kausha, hesabu kwa uzito mkavu, kwa sababu spiriti hunyonya maji ya nyama.

Na spiriti yenyewe msimwage jamani! Ya chupa moja leo ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa: ni mafuta ya samaki yaliyovuja. Zebaki hushikamana na protini ya mnofu, lakini DDT, ile dawa ya kuua wadudu, hukaa kwenye mafuta. Ukipima nyama peke yake, utasema ziwa lilikuwa safi.

Nani ana furu au sato wa zamani kwenye maabara ya shule? Lebo inasemaje?